Dawa ya kifafa na hamu ya mwanamke: swali lisiloulizwa kliniki

Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko fupi lenye uzito mkubwa: wasichana na wanawake walio katika umri wa kuzaa wasiandikiwe valproeti, mojawapo ya dawa kongwe za kifafa. Sababu iliyotajwa ni mtoto aliye tumboni. Kati ya watoto 100 ambao mama zao walimeza dawa hiyo wakiwa wajawazito, karibu 10 huzaliwa na kasoro za maumbile, na kati ya 30 na 40 huchelewa kutembea, kuongea au kujifunza. Januari 2024 Uingereza ikakaza kamba zaidi: asianzishiwe valproeti mtu yeyote wa chini ya miaka 55, mwanamke wala mwanamume, mpaka madaktari bingwa wawili wakubaliane, kila mmoja kwa nafasi yake, kwamba hakuna dawa nyingine inayomfaa. Habari hizi zimefika kwetu zikiwa zimekatwakatwa. Wapo walioelewa kwamba dawa zote za kifafa ni sumu kwa wanawake, na nimesikia kwa masikio yangu mama mmoja akimshauri bintiye aache vidonge mpaka atakapomaliza kuzaa. Wengine wamezipokea kama taarifa ya wajawazito peke yao, isiyomhusu mwanamke ambaye hana mimba wala haitafuti.

Nadhani pande zote mbili zimekosea, na kosa lao lina mzizi mmoja. Mjadala wote umemtazama mwanamke mwenye kifafa kama tumbo la uzazi. Hakuna aliyeuliza dawa hizi zinamfanyia nini yeye mwenyewe: hamu yake, mwili wake unavyoitikia, raha anayoipata au kuikosa katika tendo la ndoa. Kuna ushahidi wa miaka mingi kwamba baadhi ya dawa hizi hupunguza hamu na kuridhika kwa mwanamke, na kwamba hazifanani katika jambo hilo. Ninachodai ni kwamba suala hili ni sehemu ya tiba yenyewe, lenye haki ya kuulizwa kliniki kama inavyoulizwa idadi ya kuanguka. Pasipoulizwa, wanawake hutafuta jibu wenyewe, na jibu walilo nalo mkononi ni kuacha dawa.

Ukubwa wa jambo lenyewe si mdogo. Duniani wapo watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na karibu asilimia 80 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanyika katika maeneo matano ya Afrika, ulikuta kifafa cha kuanguka kwa karibu watu 8 kati ya kila 1000 huko Kilifi nchini Kenya, 10 huko Iganga nchini Uganda, na karibu 15 huko Ifakara, mkoani Morogoro, Tanzania. Maana yake katika kata moja ya kawaida ya Morogoro wapo wanawake kadhaa wanaomeza vidonge hivi kila usiku. Wengi wao hawajawahi kumwona daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Wanahudumiwa na tabibu au muuguzi wa kitengo cha afya ya akili, siku moja ya kliniki katika wiki au mwezi, kwenye foleni ndefu, na dawa wanayopewa ni ile iliyopo dirishani: fenobabitoni mara nyingi, kabamazepini, fenitoini, au hiyo valproeti inayozungumzwa.

Kabla ya kueleza dawa hizi zinavyofanya kazi, inafaa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna kisa cha London ambacho kila nikikikumbuka naona chanzo cha ukimya wa leo. Tarehe 11 Mei 1857, katika kikao cha chama cha madaktari, Sir Charles Locock, daktari wa uzazi wa Malkia Victoria, aliwaeleza wenzake kwamba amewatibu wanawake wenye kifafa kilichofuata siku zao kwa chumvi iitwayo potasiamu bromaidi. Alifikaje kwenye chumvi hiyo? Alikuwa amesoma taarifa ya Mjerumani mmoja aliyeijaribu mwilini mwake na kuona imemwondolea nguvu za kiume kwa muda. Madaktari wa zama zile waliamini kifafa, hasa cha wanawake, hutokana na ashiki iliyopita kiasi. Locock akaona kwamba chumvi inayozima ashiki itazima na kifafa. Na kweli wagonjwa wake, isipokuwa mmoja kati ya kumi na wanne au kumi na watano, walipata nafuu, na bromaidi ikawa dawa ya kwanza iliyofanya kazi kwa kifafa katika historia ya tiba. Nadharia ilikuwa potofu, chumvi ilifanya kazi kwa sababu nyingine kabisa. Lakini tazama tulipoanzia: kuzimwa kwa hamu ya mwanamke hakukuwa athari mbaya ya dawa. Ndiyo sababu dawa ilichaguliwa.

Fenobabitoni ilifuata mwaka 1912, fenitoini mwaka 1938, kabamazepini na valproeti katika miaka ya 1960. Hakuna hata moja iliyobuniwa kuzima hamu, ila nyingi zinaifikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ubongo wenyewe. Kifafa ni umeme wa ubongo uliopita kiasi, na dawa zinakanyaga breki. Breki hiyo haichagui. Fenobabitoni hasa hupoza ubongo wote, na mwanamke anaweza kujikuta mzito, mwenye usingizi, asiyechangamka kwa jambo lolote, hili likiwemo. Njia ya pili ni ya kimyakimya zaidi na inapita kwenye ini. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini huamsha vimeng'enya vya ini, vikaanza kuvunja homoni za mwili kwa kasi kuliko kawaida. Wakati huohuo ini hutengeneza kwa wingi protini inayobeba homoni za uzazi katika damu. Homoni iliyobebwa na protini hiyo ni kama abiria aliyefungiwa ndani ya basi: yumo safarini, lakini hawezi kushuka akafanya kazi yake. Kinachopungua ni homoni iliyo huru, estrojeni na ile testosteroni ambayo watu hudhani ni ya wanaume tu. Mwanamke naye huitengeneza, katika ovari na katika tezi zilizo juu ya figo, na ina sehemu katika hamu yake. Hapo ndipo vipimo vinapopotosha. Maabara ikipima jumla ya homoni katika damu, inaweza kukuta kiwango cha kawaida na kumrudisha mgonjwa nyumbani akiambiwa yuko sawa, wakati sehemu iliyo huru imeshuka.

Estrojeni ikipungua uke hukauka, na ukavu huleta maumivu. Maumivu nayo huufundisha mwili kuogopa, na mwili unaoogopa hautamani. Kwa hiyo mwanamke anayesema hana hamu pengine alianza na maumivu miezi sita kabla, na hakuna aliyemwambia kwamba vidonge vyake vinaweza kuwa na mkono humo. Wengine hamu wanayo, ila kufika kileleni ndiko kumekuwa kugumu au kumekoma kabisa. Hili limeripotiwa hata kwa baadhi ya dawa mpya, topirameti kwa mfano. Haya ni mambo tofauti yanayohitaji majibu tofauti, na lugha yetu ya kliniki huyatupa yote katika kapu moja la "matatizo ya ndoa".

Valproeti hufuata njia nyingine. Haiamshi vimeng'enya vya ini, kwa hiyo haipunguzi homoni kwa namna niliyoieleza. Tatizo lake ni upande wa pili: inaweza kupandisha homoni za kiume, kuvuruga hedhi, kuongeza uzito na kuleta vifuko vingi katika ovari, jambo ambalo watafiti wa Finland waliliandika tangu mwaka 1993. Msichana aliyeanza kuota ndevu na kunenepa kilo kumi na mbili kwa mwaka hahitaji daktari amweleze kwa nini anazima taa kabla ya kuvua nguo. Dawa zinazopendekezwa sasa mahali pa valproeti, lamotrijini na levetirasetamu, kwa kiasi kikubwa haziigusi mizani ya homoni. Utafiti mmoja wa Hispania wa mwaka 2006 uliwafuatilia wagonjwa walioanzishiwa lamotrijini au kuhamishiwa kutoka dawa nyingine, na wanawake walieleza kwamba hali yao ya kitandani imekuwa bora. Sitaki kuutwisha utafiti huo mzigo usiouweza: kila mtu alijua anameza nini, na matumaini peke yake yana nguvu. Lakini unakwenda sambamba na tunachokijua kuhusu ini. Levetirasetamu nayo ina lake. Baadhi ya watu huwapa hasira za ghafla na huzuni, na ndoa haistawi penye hasira za kila siku.

Kuna fundo lingine ambalo Afrika Mashariki lingepaswa kutuamsha zaidi kuliko Ulaya, nalo ni uzazi wa mpango. Vimeng'enya vilevile vinavyovunja homoni za mwili huvunja pia homoni za vidonge vya majira na za vijiti vinavyowekwa mkononi. Mwanamke anayemeza kabamazepini au fenobabitoni huku ana kijiti anaweza kushika mimba akiamini amekingwa. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviathiriki hivyo. Na wale wa lamotrijini wana tahadhari ya kinyume: vidonge vya majira vyenye estrojeni hushusha kiwango cha lamotrijini mwilini, pengine hadi nusu, na kuanguka kukarudi. Nauliza, mwanamke aliyeshika mimba akiwa na kijiti, ambaye ameambiwa kwamba dawa yake inaweza kumdhuru mtoto, atakuwa na utulivu gani usiku unaofuata? Hofu ya mimba nayo huondoa hamu, kwa hakika kama kemikali yoyote. Ajabu ni kwamba dirisha la uzazi wa mpango na chumba cha kliniki ya kifafa mara nyingi viko katika jengo moja, na kadi ya huku haisomwi kule.

Sasa nije kwa wanaopinga, kwa sababu baadhi ya hoja zao ni nzito. Ya kwanza inasema tunaionea dawa. Kifafa chenyewe huathiri hamu, hasa kile kinachoanzia katika sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio, ambako hisia, kumbukumbu na udhibiti wa homoni vinapakana. Mtu akianguka, homoni ya prolaktini hupanda ndani ya dakika chache, na prolaktini iliyozidi hushusha hamu. Sonona nayo huwapata watu wenye kifafa kuliko wengine, na sonona ni mwizi mkubwa wa hamu. Juu ya hayo kuna aibu, kuna mtaa unaodhani povu la mdomoni linaambukiza, kuna hofu ya kuanguka mikononi mwa mume katikati ya tendo. Yote haya ni kweli, na naongeza jingine ambalo watetezi wa hoja hii hawalisemi: wapo wanawake ambao hamu yao imerudi kwa sababu ya dawa, kwani walipoacha kuanguka waliacha na kuogopa. Mtu akinadi kwamba dawa ya kifafa huua hamu kwa kila mwanamke, anadanganya na anahatarisha maisha. Hata hivyo hoja hii haimwondolei daktari wajibu wa kuuliza. Inauongeza. Kama visababishi ni vinne au vitano na vimeshikana mikono, ndivyo inavyohitajika zaidi mtu wa kukaa na mgonjwa na kuvitenganisha: hali ilianza lini, kabla ya dawa au baada, dozi ilipopandishwa au alipofiwa, ana huzuni ya siku zote au ni hili tu, anasikia maumivu au hasikii kitu.

Naomba nieleze kisa kimoja cha nyumbani, kwa ruhusa ya mhusika na bila kumtaja. Ni ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo. Aliolewa Tanga akiwa na miaka 24, akimeza kabamazepini tangu utotoni, na kwa miaka minne hakuwa ameanguka. Mume alijua ana "ugonjwa wa kichwa". Miezi minane baada ya harusi aliacha vidonge kwa siri, akivifukia kwenye majivu ya jiko. Mwezi wa pili wa kuacha aliangukia jikoni, na mkono wake wa kulia una kovu mpaka leo. Hospitalini alipoulizwa kwa nini ameacha dawa alijibu, "Nilisahau." Daktari akaandika kwamba mgonjwa si mfuatiliaji, akampandishia dozi. Ukweli aliusema wiki tatu baadaye, kwa somo wake, yaani kungwi aliyemfunda: "Somo, mwili wangu umekuwa kama gogo. Mume wangu anadhani simpendi." Somo akamjibu, "Mwanangu, mbona hukuja tangu mwanzo?" Aliyekuwa na dawa hakuwa na swali, na aliyekuwa na sikio hakujua habari za dawa.

Na kwa nini amfiche mume? Watu humlaumu mwanamke kwa usiri huu kana kwamba ni udhaifu wa tabia. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 39, iliorodhesha mambo yanayoweza kuifanya ndoa ibatilishwe mahakamani. Humo yamewekwa jirani kushindwa kulikamilisha tendo la ndoa, na kuwa mmoja wa wanandoa alikuwa akishikwa mara kwa mara na wazimu au kifafa wakati wa kuoana. Mwanamke wa kawaida hajasoma kifungu hicho, lakini amelelewa katika jamii iliyokiandika. Anajua kwamba kukiri kifafa ni kuhatarisha ndoa, na kukiri kwamba hana hamu ni kuihatarisha mara ya pili. Ukitaka aseme, ni lazima uliyevaa koti jeupe uanze wewe.

Hoja ya pili ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Inauliza: katika nchi za kipato cha chini, ambako karibu robo tatu ya wenye kifafa hawapati tiba yoyote, ni haki kweli kuzungumzia raha ya kitandani? Fenobabitoni ya mwaka mzima inaweza kugharimu chini ya dola 5. Ukiitangaza kwamba inazima hamu, utawapa watu sababu ya kuikimbia, na dawa mpya wasizipate kwa bei wanayoiweza. Nimekaa na hoja hii muda mrefu. Naikubali nusu. Fenobabitoni imeokoa na itaendelea kuokoa maisha, na hakuna anayepaswa kuiacha kwa sababu ya makala ya gazeti. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta kuanguka kusikokatika, mtu asipate fahamu kati ya mshtuko mmoja na mwingine, na hicho ni kifo cha karibu. Nusu ninayoikataa ni ile inayodhani umaskini huondoa swali. Dawa iliyonunuliwa kwa fedha ya serikali, ikasafirishwa mpaka zahanati, kisha ikafukiwa kwenye majivu, si dawa ya bei rahisi. Kuuliza hakuhitaji bajeti. Na hata pale ambapo hakuna dawa nyingine, yapo ya kufanya: kushusha dozi hadi kiwango cha chini kinachozuia kuanguka, kuhamishia sehemu kubwa ya dozi wakati wa kulala ili mchana uwe na uhai, kutibu sonona, kumpa kilainishi cha maji kwa ajili ya ukavu, kumwondolea kijiti kisichomlinda na kumwekea kitanzi, kumwita mume na kumweleza kwamba ubaridi huu una jina na haumaanishi kachokwa. Hilo la mwisho peke yake limeokoa zaidi ya ndoa moja, na halinunuliwi popote.

Wapo pia wanaosema ukimtajia mgonjwa athari, ataipata kwa kuambiwa. Kuna ukweli ndani yake. Akili hufanya mengi. Ila tofauti kati ya kutisha na kuuliza ni kubwa. Muuguzi asiseme, "Dawa hii itakuondolea hamu." Aseme, "Baadhi ya wanawake wanaotumia dawa hii huona mabadiliko katika tendo la ndoa. Wewe umeonaje?" Kisha anyamaze asikilize. Kwa anayetaka kupima kwa makini zaidi, lipo dodoso la maswali 19 linalotumika kwingi duniani, linalotenganisha hamu, msisimko, unyevu, kufika kileleni, kuridhika na maumivu. Halihitaji mashine. Linahitaji tafsiri nzuri ya Kiswahili na mlango unaofungwa, na hilo la mlango ndilo gumu katika vituo vyetu, ambako wagonjwa watatu husikilizwa meza moja.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: kwamba utamaduni wetu hauruhusu mambo haya, kwamba mwanamke wa Kiafrika mwenye heshima hazungumzii raha yake. Msemaji wa maneno haya ama si mtu wa pwani au ameusahau utoto wake. Pwani yetu ilikuwa na shule ya jambo hili kabla hospitali haijajengwa. Unyago ulikuwa na walimu, na mwari alifundishwa mwili wake, usafi wake, namna ya kumpa mwenzake raha na namna ya kuipata. Somo aliendelea kuwa mshauri wake baada ya ndoa. Bi Kidude alipiga ngoma za unyago Zanzibar mpaka uzeeni, akafariki Aprili 2013, na hakuna aliyesema amevunja heshima ya mwanamke. Dini nazo hazikunyamaza. Qurani, katika sura ya Baqara, inamwekea mume aliyeapa kutomkaribia mkewe kikomo cha miezi minne. Paulo akiwaandikia Wakorintho anawaonya mume na mke wasinyimane. Kwa hiyo utamaduni una lugha, una mahali na una watu. Kilichokosa lugha ni chumba cha daktari, na tulikirithi hivyo kutoka kwa kina Locock, waliodhani hamu ya mwanamke ni sehemu ya ugonjwa.

Nikichukulia hayo yote kwa uzito wake, naona mabadiliko ya miongozo ya dawa yana nafasi ambayo itapita tusipoishika. Nchi zetu zitalazimika kuwaita maelfu ya wanawake wanaomeza valproeti na kuwahamishia dawa nyingine. Kuhama si kazi ya siku moja. Lamotrijini hupandishwa kidogokidogo kwa wiki nyingi, kwa sababu ikiharakishwa inaweza kuleta vipele vinavyobabua ngozi na hata kuua. Mwanamke ataonekana kliniki mara kwa mara katika kipindi hicho. Tatizo ni kwamba mpango ukiandikwa kwa jicho la ujauzito tu, wengi watahamishiwa kabamazepini au fenobabitoni kwa kuwa ndizo zilizopo, na kwenye karatasi itahesabika kwamba wamelindwa. Fenobabitoni yenyewe si salama sana kwa mtoto, na wanawake hawa watakuwa wametolewa kwenye dawa inayovuruga hedhi na kuingizwa kwenye dawa inayofungia homoni na kuvunja nguvu ya kijiti. Aliyevuka miaka ya kuzaa ndiye atakayesahaulika kabisa. Yeye homoni zake zimeshapungua kwa umri, dawa inaongeza upungufu, na kwa kuwa hana mimba ya kulindwa hakuna atakayempigia simu. Mwanamke wa miaka 52 anayelala na mumewe kwa uchungu naye anameza dawa ileile.

Wauguzi wa afya ya akili, ambao ndio wanaoibeba kliniki ya kifafa mabegani, wanaweza kulianza hili bila kusubiri waraka wa wizara. Wa kitengo cha uzazi wa mpango wanaweza kumuuliza kila mteja kama anameza dawa ya kifafa kabla ya kumchoma kijiti. Masomo na makungwi waliobaki wanaweza kuambiwa jambo moja tu: mwari akikwambia anameza vidonge vya kichwa na mwili umekufa ganzi, usimpe mizizi ya kutafuna wala usimwambie aache dawa, mshike mkono umpeleke kliniki, uingie naye.

Somo wa ndugu yangu alifanya hivyo, mwenyewe bila kuelekezwa. Waliingia wawili, na safari hiyo daktari mwingine alisikiliza. Ndugu yangu amehamishiwa lamotrijini, ilichukua miezi mitano, na katikati aliwahi kuanguka mara moja, usiku, mume akiwa macho. Hamu haijarudi yote. Anasema kuna siku ipo na kuna siku haipo, na kwamba tofauti kubwa ni kuwa sasa wote wawili wanajua sababu. Mwezi uliopita alinionyesha kadi yake ya kliniki. Ina safu ya tarehe, safu ya dawa, na safu ya mara alizoanguka, ambayo tangu anguko lile imejazwa sifuri mpaka chini. Safu nyingine haina.